"Ninaota": sentensi ngumu kuliko zote

Katika kitivo chetu tunachambua sentensi za kila namna. Tumechambua za wachuuzi wa soko, za wahubiri, za watoto wanaoanza kusema, hata sentensi ambazo hakuna aliyewahi kuzitamka isipokuwa mwandishi wa kitabu cha sarufi. Kuna moja ambayo sijaiona ubaoni hata siku moja, nayo ni neno moja tu: ninaota. Naiandikia kwa sababu tangu mwaka jana wenzetu kadhaa, na mimi nikiwemo, tunahangaika nayo usiku. Tunataka kuisema tukiwa ndani ya ndoto, huku tukijua tunachosema. Wengi wameshindwa wakaacha, na kila anayeacha huambiwa kwamba hakuwa na nia ya kutosha. Sikubali. Nia walikuwa nayo. Walichokosa ni sentensi iliyo yao. Waliyopewa ni ya kuazima, kisha wakaambiwa waikumbuke usingizini, mahali ambapo mtu hukumbuka kwa shida hata jina la mtaa wake.

Kwa asiyeijua habari hii: kuna ndoto ambamo mwotaji anatambua, katikati ya mambo anayoyaona, kwamba hayo yote ni ndoto, na bado haamki. Akishatambua anaweza kuendelea kutazama tu, au akachagua aende wapi na azungumze na nani. Si jambo la watu wachache wa ajabu. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2016, uliounganisha tafiti za miaka 50, ulikadiria kwamba 55% ya watu wamewahi kuota hivyo angalau mara moja maishani, na 23% huota hivyo mara moja kwa mwezi au zaidi. Wengi wao hawakuitafuta ndoto hiyo, iliwatokea tu, mara nyingi utotoni. Taabu ni ya yule anayeanza akiwa mtu mzima, kwa makusudi, na mitihani ikiwa imekaribia.

Taabu huanzia kwenye jina. Sisi husema kwa Kifaransa, rêve lucide, hata katikati ya Kiswahili. Nimesikia wenzangu wakijaribu tafsiri: ndoto wazi, ndoto angavu, ndoto ya nuru. Zote zinampeleka mwanafunzi upande usiofaa, kwa sababu anaanza kungojea ndoto yenye rangi kali na mwanga mwingi. Anaipata, anaamka amefurahi, kisha anagundua kwamba wakati wote ule hakujua kuwa anaota. Aliyelieneza jina hili, Mholanzi Frederik van Eeden, alilitumia katika makala yake ya mwaka 1913, naye alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Katika kazi yake neno hilo halikuhusu mwangaza. Lilihusu mtu aliyerudiwa na akili zake. Sisi tunalo neno la namna hiyo, nalo limekaa hospitalini siku zote. Ndugu wa mgonjwa akitoka wodini tunamuuliza: anajitambua? Akijibu kwamba hajitambui, kila mtu ananyamaza. Basi mimi husema ndoto ya kujitambua. Walimu wetu wa istilahi wakiwa na bora kuliko hilo, nitalipokea.

Wapo watakaosema kwamba jambo lenyewe haliwezekani, na wenye hoja nzito kati yao si watu wa sayansi ya usingizi. Ni watu wa lugha. Mwaka 1959 mwanafalsafa Mmarekani Norman Malcolm alitoa kitabu kuhusu kuota, akashikilia kwamba mtu hawezi kutoa hukumu ya kweli kwa kusema "nimelala", kwa kuwa anayeweza kuhukumu hivyo hajalala. Hoja hiyo ingefaa kusomwa darasani kwetu, kwa sababu kwa Kiswahili inaanza kuchechemea mapema. Kulala kwetu ni kujinyoosha kitandani na ni kupotelewa na fahamu pia. Ukinipigia telefoni saa nne za usiku nikakujibu kwamba nimelala, sijakudanganya. Sentensi ambayo Malcolm aliiona haisemeki, sisi tunaisema kila siku tukiwa macho. Kwa hiyo nimelala haimsaidii anayeanza, maana ni kweli kabla ya usingizi na ni kweli baada yake. Inayotenganisha ni ninaota. Na hiyo, ukiangalia vizuri, karibu hatuitumii kamwe kwa maana yake halisi. Tunasema niliota, nimeota, aliota. Wakati uliopo katika nafsi ya kwanza tunauacha kwa mshangao: je, naota?

Jibu kwa Malcolm lilitoka machoni. Usingizi wenye ndoto nyingi ni ule ambao Aserinsky na Kleitman waliueleza mwaka 1953, ambapo macho hukimbia huku na huko chini ya kope na misuli mingine ya mwili imelegea kabisa. Keith Hearne, wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, aliona kwamba ikiwa macho ndiyo yaliyobaki huru, basi macho yaseme. Aprili 1975 mwotaji mmoja, Alan Worsley, alitoa ishara waliyopatana kabla, kushoto na kulia, huku mashine zikionyesha kwamba bado yuko usingizini. Stephen LaBerge alifanya kazi kama hiyo Stanford, akaifanya kuwa tasnifu yake ya udaktari mwaka 1980. Mwaka 2021 maabara nne za Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi zilitoa matokeo ya pamoja: waotaji waliulizwa maswali wakiwa usingizini, kwa mfano 8 kutoa 6, na baadhi yao wakajibu kwa macho kwamba ni 2. Ukiwa mwanaisimu usipite hapo haraka. Mtu amelala, anasikia swali, analielewa, anajibu, na kinywa hakijafunguka.

Kwa hiyo jambo linawezekana. Kwa nini basi haliji kwetu? Kwanza, haliji upesi kwa mtu yeyote. Jaribio lililofanywa Australia na kutolewa mwaka 2017 liliwapa watu mbinu tatu kwa pamoja, wakazitumia kwa wiki moja, na kiwango cha kufaulu kilikuwa 17%. Anayeshindwa mara nyingi kuliko anavyofaulu yuko katika hali ya kawaida kabisa. Laiti hilo lingeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kila mwongozo, tungeokoa vijana wengi na huzuni ya bure.

Pili, miongozo yenyewe iliandikwa kwa ajili ya nyumba nyingine. Inakuambia: ukitaka kujua kama unaota, bonyeza swichi ya taa, kwa sababu ndotoni taa mara nyingi haitii. Aliyeandika hivyo taa yake humtii kila jioni. Kwa kipimo hicho mwanafunzi anayekaa Katuba huanza kuota saa kumi na mbili na nusu, na kuna wiki anaota mfululizo hadi Jumamosi. Inakuambia utege kengele, uamke baada ya saa tano za usingizi, ukae macho kidogo, kisha urudi kulala. Katika chumba cha watu wanne, kengele inayolia saa tisa za usiku huwaamsha wote, na mara nyingine mwenye kengele ndiye wa mwisho. Soma maandishi mara mbili uone kama yamebadilika: hicho kinafaa. Bana pua ujaribu kupumua: hicho ndicho bora, hakihitaji umeme wala pesa, na ndotoni pumzi hupita mara nyingi hata pua ikiwa imebanwa. Lakini kengele ya kila usiku siikubali. Mtu aliyelala vibaya siku kumi hapati ndoto yoyote ya kujitambua. Anapata usingizi katikati ya somo la fonolojia. Anayetaka kujaribu aamke usiku mmoja kwa wiki, ule ambao kesho yake hana somo. Na mwenye shida ya usingizi tangu awali aliache jambo hili kabisa.

Tatu, ambayo ndiyo hoja yangu, ni lugha. Mbinu inayosifiwa zaidi ni ya LaBerge mwenyewe, na kiini chake ni sentensi. Kabla ya kurudi usingizini unajiambia kwamba wakati mwingine utakapokuwa unaota utakumbuka kwamba unaota. Unairudia huku ukijiona tena ndani ya ndoto uliyotoka kuiota. Hapo hakuna uganga. Ni kumbukumbu ile ile inayokuwezesha kukumbuka kununua chumvi unapopita dukani: jambo la kufanya linafungwa kwenye alama itakayotokea baadaye. Yote yanategemea hilo fundo, na fundo lenyewe, kisarufi, ni kishazi tegemezi.

Wenzetu wanairudia kwa Kifaransa, wengine kwa Kiingereza walichookota kwenye telefoni. Halafu wanaota sokoni, wanaota kwenye basi, wanaota uani kwa mama zao, na huko kote hakuna anayesema Kiingereza. Sentensi inakaa nje ya ndoto kama mgeni asiyejua mlango. Tujaribu kwa Kiswahili basi, na hapo ndipo utamu unapoanza, kwa sababu Kiswahili kinakulazimisha kuchagua. Nikiota, nitajua kwamba ninaota. Ile -ki- inabeba sharti na wakati pamoja. Ndani yake kuna "huenda nisiote". Nitakapoota, nitajua kwamba ninaota. Hapa shaka imeondoka, ndoto inakuja, kinachongojewa ni saa yake. Kwa upande wa ukweli hii ndiyo sahihi, maana ndoto huja karibu kila usiku, tuzikumbuke tusizikumbuke. Lakini nani Lubumbashi amewahi kusema nitakapoota akiwa amejifunika blanketi? Hilo ni Kiswahili cha karatasi ya mtihani. Kinywa changu, kikiachwa peke yake gizani, kinasema: kama nalota, nitajua. Na kama hiyo nayo ina kazi nyingi, ya sharti, ya wakati, na ya mfano.

Hata kitenzi chenyewe mitaani kwetu si kile cha kamusi. Sanifu ni kuota, na kamusi inakurundikia humo humo kuota moto, kuota jua na jino kuota. Sisi wengi tunasema kulota, kama majirani zetu Wabemba na Waluba, kama Kilingala kinavyosema kolota na Kinyarwanda kurota. Ile l ambayo Kiswahili sanifu kimeiangusha haijapotea kabisa. Angalia ndoto, ambamo imejificha nyuma ya n ikawa d, kama ulimi na ndimi. Mtu anayesema kulota tangu utotoni akijiambia usiku ninaota, anajisemesha kwa sauti ya mwalimu. Sisemi kwamba lugha inamzuia mtu kujitambua usingizini. Kama ingekuwa hivyo, Waholanzi tu ndio wangefaulu. Ninasema jambo dogo zaidi: kumbukumbu iliyofungwa kwenye maneno hufunguliwa na maneno hayo hayo, na ndotoni mtu hukutana na maneno ya nyumbani.

Hapo inakuja habari ya daftari. Somo la kwanza katika miongozo yote ni kuandika ndoto mara tu unapoamka. Miezi mitatu niliandika kwa Kifaransa, kwa sababu mkono wangu umezoeshwa hivyo tangu shuleni. Nilijaza kurasa. Nilipozisoma tena niliona kwamba hakuna mtu katika ndoto zangu anayenena. Wote wameripotiwa: aliniambia kwamba, aliniuliza kama. Maneno yenyewe yalikuwa yamepotelea njiani kati ya mto na kalamu. Nikaacha kalamu, nikaanza kunong'ona kwenye telefoni kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, macho yakiwa bado yamefumbwa. Ndoto zikawa ndefu, na watu wakaanza kusema. Mtu mmoja si utafiti, najua. Lakini rekodi ninazo, na katika hizo nimempata nkambo wangu.

Nkambo, mzaa mama, alitoka Bukama akaishi Lubumbashi sehemu kubwa ya maisha yake. Alisema Kiluba na Kiswahili. Kifaransa hakukisema hata neno, na alipokisikia redioni alikuwa akisema kwamba hao wanapiga kelele na pua. Alifariki nikiwa mwaka wa kwanza, kabla sijajua kwamba maneno aliyokuwa akiyatumia kwa mihogo, kwa samaki na kwa mvua yalistahili kurekodiwa. Sasa ninasikiliza rekodi zangu za asubuhi na ninamsikia akirudi mara kwa mara. Ananipa bukari, ananiuliza habari za masomo, na ananiuliza kwa Kifaransa. Nami ninamjibu kwa adabu, kama vile hakuna kitu. Mwanafunzi wa isimu, mwaka wa nne, anakaa mbele ya bibi wa Bukama anayeunganisha vitenzi vya Kifaransa barabara, na hashtuki! LaBerge huita kitu kama hicho alama ya ndoto: jambo linalojirudia ambalo lingetosha kukuambia uko wapi. Miongozo inataja kuruka angani na meno kung'oka. Katika mji kama wetu, ambapo mtu hubadili lugha mara tatu kabla ya kufika kituo cha basi, alama ya ndoto inaweza kuwa ni lugha isiyokaa kinywani mwa anayeisema.

Nitaulizwa kama nataka kujitambua ndotoni ili nimuulize yale maneno. Ndiyo, nataka. Wala sijidanganyi kuhusu data. Neno ambalo nkambo atanipa ndotoni litakuwa limetoka kichwani mwangu, na haliwezi kuingia katika kazi yoyote ya kitivo. Lakini kichwani mwangu kuna nini? Nilimsikia miaka kumi na minane. Wasemaji wa namna yangu, wanaoelewa lugha na hawaisemi, wamejaa katika mji huu, na hakuna anayejua wamehifadhi kiasi gani.

Sasa nifike mahali pagumu zaidi. Mama yangu anaota vizuri kuliko sisi sote. Kila asubuhi, kabla ya chai, anauliza: ulilota nini? Kisha anasimulia yake tangu mwanzo hadi mwisho, na majina, na nguo za watu, na nani aliingia kwa mlango gani. Somo la kwanza la miongozo, lile la kukumbuka, alilimaliza kabla sijazaliwa. Katika nchi hii kusimulia ndoto ni fani ya zamani. Johannes Fabian, ambaye tunamsoma kwa habari za Kiswahili cha Katanga, aliandika mwaka 1966 kuhusu ndoto katika Jamaa, ile harakati ya Wakatoliki iliyoanzia Kolwezi miaka ya 1950 pamoja na padri Placide Tempels. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba tunaanzia sifuri.

Mama anapomwona nkambo usiku husema: nkambo alinijia. Mimi husema: nilimlota nkambo. Ndoto ni ile ile, na mara nyingine hata bukari ni ile ile. Lakini angalia nani ni kiima. Kwake nkambo ndiye anayetenda, ndiye aliyefunga safari. Kwangu mimi ndimi mtendaji na nkambo ni yambwa, amebanwa ndani ya kitenzi kwa -m-. Kifaransa hakina nguvu hiyo. Kinahitaji kihusishi katikati, mtu anaota "kuhusu" mtu. Sisi tunamwota mtu moja kwa moja, kama tunavyomwona na kumpiga. Sina haja ya kumsahihisha mama. Alinijia ni sentensi ya upendo, na mimi sina ushahidi wa kumnyang'anya.

Sentensi hiyo hiyo, hata hivyo, ikitoka nyumba nyingine inaua. Katika miji yetu kuna watoto waliofukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, na ndoto ya mtu mzima imewahi kutosha kuwa ushahidi: alinijia usiku, alinipa nyama nikala. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka wake. Kisarufi kilichotokea ni kwamba mtu alimwota mtoto. Kwa kubadili kitenzi, mtoto amefanywa kiima, na kiima hushtakiwa. Nimesikia wahubiri wakijibu hayo kwa aya, na watu wa haki za binadamu wakijibu kwa sheria. Sijasikia mtu wa lugha akisimama na kusema kwamba sentensi mbili hizi si moja, na kwamba lugha zetu, tangu Kibemba hadi Kilingala, zina kitenzi ambacho kazi yake ni kumtaja mwotaji kuwa ndiye mwenye ndoto. Hapo ndipo ninapoona kwamba ninaota si mchezo wa vijana wenye telefoni. Aliyewahi kuisema mara moja akiwa ndani ya ndoto, akaona uso wa mtu aliye mbele yake ukibadilika kwa sababu yeye amewaza abadilike, sidhani kama kesho yake ataweza kumshitaki mtoto wa jirani.

Najua upande wa pili. Mtu anayesema kwamba usiku anatembea akijijua, katika mitaa yetu ana jina lake, nalo si zuri. Rafiki mmoja aliwaeleza wa kwao anachojaribu, wakampeleka kuombewa siku tatu. Ndiyo maana ninasisitiza namna ya kusema. Ukiieleza kama safari, kutoka mwilini, kutembea, kuruka, umejieleza kwa maneno ya uchawi bila kutaka. Ieleze kama unavyoieleza hospitali: nililala, nikajitambua. Mama alipoisikia kwa maneno hayo alifikiri kidogo, akasema kwamba kumbe ni kama mgonjwa anayefungua macho na kuuliza yuko wapi. Hajaniuliza tena kuhusu mchungaji.

Ninachoomba kwa kitivo ni kidogo. Walimu wetu wa mofolojia na wa pragmatiki watupe siku moja kazi ya nyumbani: kila mwanafunzi alete, katika lugha ya kwao, namna mtu anavyosema "niliota", "nilikuota", "ulinijia", na kama inawezekana kusema "ninaota" bila wasikilizaji kucheka. Tuna hapa wasemaji wa Kisanga, Kibemba, Kiluba, Ciluba, Kitabwa, Uruund, na wenzetu wa Kivu. Kwa wiki mbili tungekuwa na jedwali ambalo sijaliona katika kitabu chochote cha maktaba yetu. Na anayejaribu usiku angepata, badala ya sentensi ya kuazima, zile ambazo watu wa kwao husema kweli.

Mimi bado sijafaulu. Nimefika karibu mara moja: mwenzangu wa darasa aliniambia ndotoni, waziwazi, sisi tunalota, nami nikaanza kumbishia kuhusu kiambishi cha wakati hadi nikaamka. Sentensi niliyo nayo kwa sasa nimeiunda mwenyewe, na -ki- nimeirudisha, kwa sababu hapa sharti lake ni la kweli: nkambo akinisemesha Kifaransa, nalota. Naisema mara kumi, bila kengele, usiku wa Jumamosi. Mwenye lugha ambayo inasema jambo hili kwa ufupi zaidi, au bila kishazi tegemezi kabisa, anikute maktabani siku yoyote mchana, meza ya dirishani.